JIKO LA UMEME LA KUJENGEA KABATINI: WAYA WA ARDHI USIKATWE



Atokaye Bujumbura kwa barabara ya Gatumba, kabla ya kufika mpaka wa Kongo, hupita Kajaga. Upande mmoja ni Ziwa Tanganyika, na kando yake zimeota nyumba kubwa za ghorofa, kuta ndefu na mageti ya chuma. Katika nyumba nyingi za namna hiyo jikoni hamna tena mbabula wala gunia la makaa. Kuna makabati yaliyojengwa ukutani, na ndani ya kabati limetiwa tanuri la umeme. Juu ya meza limelazwa bamba la kioo la kupikia, jeusi, linalong'aa, lisiloonyesha moto wala moshi.

Pengine msomaji atauliza: gazeti la wafanyakazi lina shughuli gani na majiko ya matajiri? Twajibu kwamba lina shughuli kubwa. Aliyevuta nyaya za jiko hilo ni nani? Mara nyingi ni fundi wa kiwandani, ambaye Jumamosi na Jumapili hutafuta nyongeza kwa kuwa mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Na anayelipikia ni nani? Ni kijana au binti aliyetoka mlimani, ambaye baba na mama yake wanachuma chai Teza au Rwegura, au wanakata miwa kule Moso. Mwenye nyumba huketi mezani akala. Anayeshika mlango wa tanuri hilo mara ishirini kwa siku, mikono ikiwa na maji na miguu bila viatu, ni mfanyakazi. Basi jiko likiunganishwa vibaya, wa kwanza kuumia ni sisi na watoto wetu.

Katika makala haya tutaeleza kazi yote kwa mpango, tangu kusoma kibao cha jiko hadi kuliwasha. Lakini lipo neno moja tunalotaka kila msomaji alishike hata akiyasahau mengine yote: tanuri lisilo na waya wa ardhi hupika vizuri sawasawa na tanuri lenye waya huo. Mkate utaiva, nyama itaiva, taa itawaka. Hakuna atakayejua kuwa kuna kasoro, mpaka siku ile umeme utakapovuja. Kwa sababu hiyo waya wa ardhi ndio wa kwanza kukatwa pale mwenye nyumba anapobana fedha au fundi anapokuwa na haraka. Nasi twasema usikatwe.

UMEME WA JIKO HILI NI MWINGI KIASI GANI?

Kila jiko la umeme lina kibao kidogo cha chuma chenye maelezo. Kwenye tanuri huwa pembeni mwa mlango, na kwenye bamba huwa chini yake. Fundi akisome kwanza, kabla ya kununua hata mita moja ya waya. Atafute mambo mawili: volti na wati.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Bamba la kupikia la wati 7,200 kwenye umeme wa volti 230 linavuta ampea 31 na kitu. Tanuri la wati 3,000 linavuta ampea 13. Vyote viwili vikiwashwa kwa nguvu zake zote vinakula zaidi ya kilowati 10. Ndugu zetu wa shamba la chai la Rwegura wanaijua stesheni ya umeme iliyo jirani yao. Nguvu yake ni megawati 18. Majiko yasiyofika 1,800 ya namna hiyo, yakiwashwa yote kwa pamoja, yangeumaliza umeme wake wote.

Jambo hili si la kubahatisha, basi. Prizi ya kawaida ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 16. Kulichomeka bamba la ampea 31 kwenye prizi ya friji, au kwenye waya wa kuongezea wenye matundu manne, ni kuwasha moto ndani ya ukuta.

Utaratibu wa Kifaransa, ambao mafundi wengi wa hapa wamefundishwa, unadai kila chombo kiwe na njia yake peke yake kutoka kwenye sanduku la umeme:

Bamba la kupikia: waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, na disjonkta ya ampea 32.

Tanuri: waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, na disjonkta isiyozidi ampea 20.

Njia hizo zisiunganishwe na taa wala prizi nyingine yoyote. Tena fundi asidanganyike akaweka disjonkta kubwa kuliko waya kwa kuwa ile ndogo “inakatika-katika”. Disjonkta ikikatika inasema kuwa waya umelemewa. Ukiweka kubwa zaidi, disjonkta itanyamaza na waya ndio utakaoungua.

Kabla ya yote mwenye nyumba aulizwe pia kuhusu umeme anaoupata kutoka Regideso. Akiwa na mita ya cashpower na njia ndogo, jiko kubwa likiwashwa nyumba nzima itazimika. Kuongeza njia ni shauri la Regideso. Fundi asifungue mita wala kuvunja sili yake, hata akiahidiwa nini.

KWA NINI WAYA WA ARDHI?

Fundi wa kiwanda cha chai anajua kuwa kila mota ina waya unaotoka kwenye mwili wake wa chuma kwenda ardhini. Tanuri nalo ni sanduku la chuma. Ndani yake mna vyuma vya kupasha moto, na ndani ya vyuma hivyo umeme unapita. Siku kimoja kikipasuka, au waya ukichubuka na kugusa bati, sanduku zima linapata umeme: mlango wake, mpini wake, na skrubu zake.

Waya wa ardhi ukiwepo, umeme huo unapata njia ya kuteremka udongoni. Usipokuwepo, njia hiyo itakuwa mwili wa mpishi.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Husema: “Nimeweka disjonkta, yatosha.” Haitoshi, na hesabu inaonyesha. Chukua nyumba inayotegemea nondo yake yenyewe iliyopigwa ardhini, na tuseme njia ya nondo hiyo ina ukinzani wa omu 100. Umeme ukivuja kwenye mwili wa tanuri, gawanya volti 230 kwa omu 100: zitapita ampea 2.3 tu. Disjonkta ya ampea 20 au 32 haiwezi kukatika kwa ampea 2.3. Itakaa kimya mchana na usiku, na mwili wa tanuri utaendelea kuwa na umeme.

Kwa hiyo panahitajika chombo cha pili, nacho ni disjonkta ya uvujaji ya miliampea 30. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ikiona upungufu wa miliampea 30, yaani sehemu ndogo sana ya ampea moja, inakata mara moja. Kwa bamba la kupikia, fundi achague ile ya aina A, iliyotengenezwa kwa majiko na mashine zenye vipuri vya elektroniki.

Tufahamu vizuri tofauti yake. Disjonkta ya kawaida inalinda waya. Disjonkta ya uvujaji inalinda mtu. Umeme wa kiasi cha miliampea 10 waweza kukaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuachia alichoshika. Ukizidi 30 na kudumu, waweza kuuvuruga moyo. Na bamba letu linavuta ampea 31, ambazo ni zaidi ya mara elfu moja ya hizo miliampea 30.

Nondo ya ardhi ipimwe kwa kipimo chake. Utaratibu wa Kifaransa unakubali hadi omu 100, na ule wa Kibelgiji unataka chini ya 30. Kadiri namba inavyopungua ndivyo usalama unavyoongezeka. Bomba la maji lisitumiwe badala ya nondo. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki, na hata lile la chuma fundi wa maji aweza kulikata kesho bila kujua.

KABLA YA KUGUSA WAYA

Fundi azime swichi kuu ya nyumba. Aifunge kwa kufuli, na kama hana kufuli aweke karatasi yenye maandishi makubwa: “FUNDI YUMO KAZINI, USIWASHE”. Katika nyumba zenye watu wengi, mtu akiona giza hukimbilia kuwasha. Na kama nyumba ina jenereta inayojiwasha yenyewe, nayo izimwe. Wako waliozima umeme wa Regideso wakasahau jenereta.

Kisha apime kama umeme umeondoka kweli. Kwanza akipime kipimo chake mahali penye umeme, aone kuwa kinafanya kazi. Halafu apime nyaya atakazozishika. Halafu arudi tena mahali penye umeme, ahakikishe kuwa kipimo hakikufa katikati. Bisibisi yenye kitaa ndani isiaminiwe kwa kazi hii. Taa yake ikikosa kuwaka haimaanishi kuwa hakuna umeme.

KUUNGANISHA NYAYA

Rangi za nyaya zisomwe kwa uangalifu. Waya wenye kijani na manjano ni wa ardhi, na hauna kazi nyingine popote. Wa buluu ni nyutro. Wa kahawia ni wa moto, na katika nyaya za Ulaya za leo mweusi pia ni wa moto, na wa kijivu vilevile. Hapa kuna mtego. Fundi aliyejifunza kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza, uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, alifundishwa kuwa mwekundu ni moto na mweusi ni nyutro. Mafundi huvuka mipaka kutafuta riziki, na nyumba hurithi kazi ya mafundi wengi. Kwa hiyo rangi isiaminiwe kabla ya kupima.

Waya wa ardhi uunganishwe wa kwanza. Tena uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili siku waya mzima ukivutwa, wa moto na wa nyutro wang'oke kwanza na wa ardhi ubaki wa mwisho.

Chini ya bamba la kupikia pana kisanduku chenye vishikizo vingi, na vipande vidogo vya shaba vya kuviunganisha. Mchoro upo hapo hapo. Kwa nyumba yenye njia moja ya moto, vipande hivyo hupangwa namna moja. Kwa nyumba yenye njia tatu, hupangwa namna nyingine. Kati ya moto na moto mna volti 400, na nyutro ikikosewa au ikilegea, kipuri cha volti 230 chaweza kupata zaidi ya haki yake na kuungua. Fundi asiyeuelewa mchoro asione haya kuuliza mwenzake. Kuuliza si ujinga.

Skrubu zikazwe sana, kisha kila waya uvutwe kwa mkono kuona kama umeshika. Kiungo kilicholegea ni adui aliyejificha. Kikiwa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu tu, na ampea 30 zikipita, kitatoa wati 90 za joto mahali padogo kama punje ya mahindi. Plastiki itayeyuka, na baadaye kabati la mbao litashika moto. Waya ubanwe pia kwa kibano chake, ili uzito usivutwe na skrubu.

Waya unaoingia jikoni uwe wa kunyumbuka na wa kuvumilia joto, wa aina iliyotajwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Nyaya zisipindwe pamoja kwa mkono na kufungwa kwa utepe. Kazi ya namna hiyo hata kwa taa ni mbaya, sembuse kwa jiko.

Mwisho, paweko swichi ya kukata moto na nyutro kwa pamoja, mahali ambapo mkono wa mpishi unafika. Isiwe nyuma ya tanuri, kwa maana huko haifikiwi na kuna joto. Isiwe juu ya bamba, kwa maana atakayetaka kuizima sufuria ikishika moto atalazimika kupitisha mkono juu ya ndimi za moto. Kando ya bamba, au katika kabati la jirani, ndipo mahali pake.

KULITIA TANURI KABATINI

Tanuri ni zito, na mengi hufika kilo 30 au kupita. Libebwe na watu wawili, kwa kushika mbavu zake. Lisiinuliwe kwa mpini wa mlango, kwani mpini huo haukutengenezwa kwa kubeba.

Tundu la kabati likatwe kwa vipimo vya karatasi ya tanuri lenyewe. Seremala asibahatishe kwa macho, na fundi wa umeme asimalizie kwa patasi. Nyuma paachwe nafasi ya hewa. Ubao wa nyuma ya kabati uondolewe, au ukatwe kama karatasi inavyosema. Tanuri lisilopumua huchemka lenyewe, hukausha gundi ya kabati na kuchoma nyaya zake. Wakati wa kulisukuma ndani, mwenzako atazame waya usije ukabanwa nyuma ya bati la moto.

Kisha pigilia skrubu mbili za pembeni zinazolishika tanuri kwenye kabati. Watu huziona ni za urembo. Siyo urembo hata kidogo. Mlango ukifunguliwa na mtoto akauegemea, au mpishi akiweka chungu kizito juu yake, tanuri lisilofungwa laweza kupinduka na kumwangukia pamoja na chakula cha moto.

KUPIMA KABLA YA KUKABIDHI

Kazi isiyopimwa haijaisha. Umeme ukiwa bado umezimwa, fundi apime kama waya wa ardhi umefika kweli, kutoka mwili wa tanuri hadi kwenye sanduku la umeme. Apime pia ukinzani wa ngozi ya nyaya za ukutani kwa kipimo cha volti 500, akiwa amezitenganisha na jiko. Usipungue megaomu 1. Baada ya hapo awashe, na abonyeze kitufe cha majaribio cha disjonkta ya uvujaji. Isipokata mara moja, ni mbovu, ibadilishwe. Kitufe hicho kibonyezwe tena mara kwa mara.

Tanuri jipya liwashwe likiwa tupu, madirisha yakiwa wazi, mpaka harufu na moshi wa mafuta ya kiwandani viishe. Baada ya saa moja, swichi na waya ulio nje vishikwe kwa mgongo wa mkono. Vikiwa vya moto, kuna kasoro, na jiko lizimwe.

HATARI YA KANDO YA ZIWA

Kajaga ina shida yake yenyewe, nayo ni maji. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, na maji yakaingia katika nyumba za pwani yake. Watu wengi walihama. Nyumba iliyoingiwa na maji isiwashiwe umeme kwa sababu tu sakafu imekauka. Maji hubaki ndani ya mabomba ya nyaya, ndani ya prizi, na ndani ya pamba inayozunguka tanuri. Kila kilicholowa kifunguliwe, kikaushwe na kipimwe, na kile kisichoaminika kitupwe.

Hata pasipo mafuriko, unyevu hufanya kazi yake. Vyuma vya kupasha moto vina unga mweupe ndani, na unga huo hunywa unyevu wa hewa. Tanuri lililokaa stoo miezi mingi, au katika nyumba iliyofungwa, laweza kuvujisha umeme kidogo siku ya kwanza, na disjonkta ya uvujaji itakata. Hapo hutokea kosa kubwa kuliko yote: mwenye nyumba hukasirika, na fundi huirukia disjonkta hiyo, yaani huipitisha waya pembeni ili jiko liwake. Ndugu, huko ni kumfunga mbwa mlinzi kwa sababu amebweka. Kiini kitafutwe. Kila chuma kipimwe peke yake. Chenye unyevu kikaushwe, kilichopasuka kibadilishwe. Disjonkta ibaki mahali pake.

Tena umeme ukikatika, mpishi azime vitufe vyote vya jiko. Ukirudi usiku watu wamelala, na kitambaa kimeachwa juu ya bamba, moto utaanza bila shahidi. Wala jiko hili lisitegemee jenereta ndogo ya nyumbani, maana haliwezi.

KWA NDUGU ANAYEPIKA

Wewe unayepika kila siku ndiwe wa kwanza kuona dalili. Ukigusa mlango wa tanuri ukahisi mkono unatekenywa kama na siafu, usiseme “ndivyo lilivyo”. Huo ni umeme. Zima kwenye sanduku, usiliguse tena, na uwaambie wengine. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kioo cha bamba kikipasuka, hata ufa mwembamba kama unywele, zima mara moja. Maji ya mchuzi hupita ufani na kufika kwenye umeme. Ukisikia harufu ya plastiki, au ukaona swichi imebadilika rangi, zima. Usioshe tanuri kwa kumwaga maji. Vaa viatu vikavu. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike sufuria kwa kifuniko. Maji usiyatumie kamwe.

Mwenzako akinaswa na umeme, usimshike kwa mikono. Kata umeme kwanza. Kama swichi haifikiki, msukume kwa mti mkavu huku ukisimama mahali pakavu. Akiwa hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, na wengine waite msaada. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta visipakwe juu ya kidonda.

HAKI YA KUKATAA

Tunajua neno atakaloambiwa fundi: “Wewe unganisha tu, mambo ya ardhi tutayaona baadaye. Ukikataa, wako wengine mlangoni.” Kwa hiyo twasema wazi kuwa kukataa kazi ya hatari si uvivu wala kiburi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kuwa mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa sababu ya kuamini, kwa haki, kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake au afya yake, alindwe asipatwe na madhara yasiyostahili. Mwezi wa Juni mwaka 2022 Shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Na mkataba namba 189 wa mwaka 2011 unasema kuwa mfanyakazi wa nyumbani naye ana haki ya mahali pa kazi palipo salama. Jikoni kwa mtu ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo.

Lakini haki huendana na wajibu. Fundi asiyejua kazi ya jiko asiipokee kwa tamaa, aipeleke kwa mwenzake anayeijua. Na anayeijua aandike karatasi, hata ya daftari la shule: tarehe, unene wa waya, ukubwa wa disjonkta, omu za nondo ya ardhi, na sahihi mbili, yake na ya mwenye nyumba. Gharama ya nondo, waya na disjonkta ya uvujaji ni ya mwenye nyumba. Aliyeweza kununua tanuri, kioo na makabati hawezi kusema kuwa ameshindwa waya wa kijani na manjano.

Siku moja, umeme ukiongezeka nchini, majiko haya yataingia na kwetu. Maporomoko ya Rusumo tayari yanatoa umeme unaogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na mwaka 2024 Tanzania ilitangaza kuwa inataka asilimia 80 ya watu wake wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Tukijifunza sasa, katika nyumba za wengine, hatutazika watu wetu wakati huo.

Tunawaomba wajumbe wa chama viwandani na mashambani wawasomee makala haya wenzao wasiojua kusoma, hasa wale wenye watoto wanaofanya kazi za nyumbani mjini. Na kila mzazi atakapompigia simu mwanawe aliye Kajaga, baada ya kumwuliza habari za afya, amwulize na hili: “Je, jiko la hapo lina waya wa ardhi?” Akijibu kuwa hajui, amwombe fundi alitazame kabla ya kulipikia tena.